Nani Ameshika Sindano? Mkono wa Mchezaji na Taathira ya Tanzia katika Michezo ya Video

Utangulizi

Msikilizaji wa Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, aghalabu huujua mwisho wake kabla ya ubeti wa kwanza kughaniwa. Anajua kwamba mwana atarubuniwa, kwamba sindano ya shaba itapenya kitovuni mwa babaye, na kwamba jagina huyo atakata roho akiwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi. Kujua huko hakumpunguzii simanzi bali humzidishia. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo msikilizaji huyo hatakiwi kulifanya kamwe, nalo ni kuishika sindano yenyewe. Mkono unaodunga ni wa mwana. Jukumu la msikilizaji ni kushuhudia, kusikitika na kuhukumu.

Makala haya yanachunguza utanzu ambao umeuvuka mpaka huo. Katika mchezo wa video, kisa hakisogei mpaka mtu abonyeze kitufe, na mhusika hapigi hatua mpaka mtu amsukume. Licha ya hayo, utanzu huu, ambao wahakiki wengi wa fasihi bado wanauchukulia kuwa pumbao la vijana, umezaa matukio ambayo wachezaji huyakumbuka kwa miongo kadhaa na kuyazungumzia kwa lugha ya msiba. Dai la makala haya ni kwamba nguvu ya matukio hayo haitokani na ubora wa picha wala wingi wa machozi ya wahusika. Inatokana na namna mtunzi anavyoutumia mkono wa mchezaji: ama kwa kuuzuia, ama kwa kuutia hatiani, ama kwa kuufanya uhisi pengo. Michezo mitatu itatumiwa kuithibitisha kauli hii, yaani Final Fantasy VII (1997), Shadow of the Colossus (2005) na Brothers: A Tale of Two Sons (2013). Mchezo wa nne, Call of Duty: Advanced Warfare (2014), utaonyesha jinsi mbinu iyo hiyo inavyoweza kuporomoka.

Kuchagua na Kutenda

Pingamizi mashuhuri zaidi dhidi ya utanzu huu lilitolewa na Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani. Mwaka 2005 alidai kuwa michezo ya video, kwa kuwa humpa mchezaji uhuru wa kuchagua, hukiuka msingi wa fasihi na filamu, ambao ni mamlaka ya mtunzi juu ya kazi yake. Mwaka 2010 aliirudia kauli hiyo kwa ukali zaidi, akisema kwamba michezo hii haiwezi kamwe kuwa sanaa, ingawa miezi michache baadaye alikiri kwamba hakupaswa kuhukumu jambo ambalo hakuwa na tajiriba nalo.

Hoja ya Ebert ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa kuwa tu mwenyewe alilegeza kamba. Iwapo mtazamaji angeweza kumwokoa Edipode kwa kumwelekeza njia nyingine pale penye njia panda, tanzia ingekufa. Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili yaliyo tofauti, kuchagua na kutenda. Michezo mingi humpa mchezaji tendo bila ya kumpa chaguo. Mchezaji ndiye anayetembea, lakini njia ni moja. Ndiye anayepiga, lakini wa kupigwa amekwisha kuteuliwa. Mamlaka ya mtunzi hayajaondoka; yamehamia mahali pengine, ndani ya mkono wa mpokeaji. Ikumbukwe pia kwamba Aristotle aliifafanua tanzia kama mwigo wa tendo linaloamsha huruma na hofu. Utanzu ambao malighafi yake ni tendo hauwezi kutengwa na mjadala huo kabla ya kusikilizwa.

Mkono Uliozuiwa

Final Fantasy VII ulitolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1997 chini ya uelekezi wa Yoshinori Kitase. Miongoni mwa wahusika wake ni Aerith, muuza maua ambaye ni wa mwisho wa kizazi cha kale. Mchezaji hukaa naye kwa saa nyingi: humpa silaha, hukuza uwezo wake, na humtegemea awaponye wenzake vitani. Kisha, mwishoni mwa diski ya kwanza kati ya tatu, Sephiroth anashuka kutoka juu na kumchoma upanga akiwa amepiga magoti akiomba dua.

Wahakiki wengi wa tukio hili hukomea kwenye upanga wa Sephiroth. Kinachostahiki kuangaliwa zaidi ni kile kinachotangulia. Cloud, nguli wa kisa, anafika mbele ya Aerith huku akili yake ikiwa imetekwa na adui. Mchezaji anarudishiwa udhibiti kwa nukta chache, lakini vitufe anavyovibonyeza vina tokeo moja tu, nalo ni Cloud kuuchomoa na kuuinua upanga dhidi ya binti huyo, mpaka wenzake wanapomkemea. Hivyo, kabla ya muuaji kushuka, mkono wa mchezaji umekwisha kuonjeshwa mauaji. Baadaye mkono huohuo unaondolewa kabisa, na Aerith anakufa huku vitufe vikiwa vimekuwa bubu. Vita vinavyofuata huchezwa kwa muziki wa Nobuo Uematsu uliokuwa utambulisho wa Aerith mwenyewe, badala ya ule wa mapigano uliozoeleka. Mchezaji anapigana ilhali sikio lake liko matangani.

Hasara hii si ya kihisia pekee. Mhusika aliyeondoka alikuwa na kazi, na nafasi yake kikosini hubaki wazi. Ndiyo sababu uvumi ulienea miaka mingi kwamba ipo njia ya siri ya kumfufua. Uvumi huo ni ushahidi wa kihakiki. Wasomaji wa riwaya hawaendi kupekua kurasa wakitafuta ukurasa uliofichwa ambamo marehemu yu hai. Mchezaji huenda, kwa kuwa utanzu umemzoeza kuamini kwamba kila tatizo lina ufumbuzi kwa mwenye bidii. Kifo cha Aerith kinaumiza kwa kuwa kinaivunja ahadi ya utanzu wenyewe.

Mkono Uliotiwa Hatiani

Katika Shadow of the Colossus, uliobuniwa na Fumito Ueda kwa ajili ya PlayStation 2, kisa ni chepesi kama cha ngano. Kijana aitwaye Wander anamleta binti aliyekufa, Mono, katika nchi iliyokatazwa. Sauti iitwayo Dormin inamwambia kuwa binti anaweza kurejea iwapo majitu 16 yanayoishi humo yatauawa. Hakuna miji ya kutembelea wala maadui wadogo wa kupigana nao njiani. Kuna nyika, farasi aitwaye Agro, na majitu.

Kwa kawaida, ushindi katika michezo ya video hupambwa kwa nderemo. Hapa, kila jitu linapoanguka, muziki wa ushujaa hukatika na kupisha wimbo wa maombolezo, kisha nyuzi nyeusi hutoka katika mzoga na kumpenya Wander. Uso wake hufifia kadiri idadi inavyopanda. Baadhi ya majitu hayana ugomvi wowote. Jitu la 13 huelea angani juu ya jangwa bila ya kumshambulia mtu, nalo halina budi kuangushwa. Mchezaji analishangaa, analipenda, kisha analichoma.

Huenda ikapingwa kuwa pasipo chaguo hapana hatia, na kwamba mchezaji aliyelazimishwa hana cha kujutia. Pingamizi hili lina mashiko mahakamani, si katika tanzia. Edipode hakuchagua kumuua baba yake kwa kujua, na bado anayapofua macho yake mwenyewe kwa kuwa mkono uliotenda ni wake. Mkabala wa Ueda ni huohuo. Mchezaji hahukumiwi kwa uamuzi bali anaachwa na kumbukumbu ya tendo. Alipanda manyoya ya jitu, alisubiri litulie, alitafuta mahali pa kudunga, na alifurahi alipopapata.

Ueda anaikamilisha hoja yake katika tukio la mwisho. Wander anavutwa na upepo mkali kuelekea dimbwi litakalommeza, na udhibiti hauondolewi. Mchezaji anaweza kumkimbiza, kumfanya ashikilie ngazi na kumchelewesha. Hawezi kumwokoa. Tofauti na kifo cha Aerith, ambapo mkono ulifungwa, hapa umeachwa huru ili ugundue wenyewe kwamba uhuru huo haufui dafu. Kila mchezaji huamua ni lini ataachilia, na uamuzi huo ndio chaguo pekee la kweli katika mchezo mzima.

Mkono Uliofiwa

Josef Fares, mwelekezi wa filamu wa Sweden aliyezaliwa Lebanoni, aliutunga Brothers: A Tale of Two Sons pamoja na kampuni ya Starbreeze. Ndugu wawili, Naia na Naiee, wanasafiri kutafuta dawa ya baba yao mgonjwa. Lugha wanayosema ni ya kubuni na haieleweki na yeyote, hivyo mtunzi amejinyima msaada wa maneno. Badala yake ameweka maana katika kidhibiti, kile kifaa chenye vitufe ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili. Upande wa kushoto humwongoza kaka mkubwa, upande wa kulia mdogo. Kwa saa chache mchezaji huuzoeza kila mkono kuwa mtu mmoja.

Mama yao alikufa maji mbele ya Naiee, naye tangu hapo huogopa kuogelea, hivyo hulazimika kujishikiza mgongoni mwa kaka yake. Karibu na mwisho, Naia anafariki kutokana na jeraha. Mdogo anamzika, na ni mchezaji anayeuburura mwili na kuusukuma udongo kaburini. Upande wa kushoto wa kidhibiti umekufa. Mkono wa kushoto haujapungukiwa na kitu, lakini hauna wa kumwongoza.

Naiee anapofika kwenye maji karibu na nyumbani, anakataa kuingia. Mchezaji hujaribu upande wa kulia bila ya mafanikio, mpaka anapotambua kwamba anapaswa kubonyeza kitufe cha marehemu. Sauti ya kaka inasikika, na mdogo anaogelea. Dhana ambayo mwandishi wa riwaya angehitaji aya nzima kuieleza, kwamba aliyekufa hubaki ndani ya aliye hai kama nguvu ya kutenda, imewasilishwa kwa kidole kimoja. Hapa umbo na maana haviwezi kutenganishwa. Yeyote atakayeusimulia mchezo huu kama hadithi atakuwa amekiacha kiini chake nyuma.

Kitufe Kisicho na Uzito

Isidhaniwe kwamba kumbonyezesha mchezaji kitufe kunatosha kuzaa huzuni. Katika Call of Duty: Advanced Warfare (2014), askari Jack Mitchell anahudhuria mazishi ya rafiki yake Will Irons. Anapokaribia jeneza, skrini inaonyesha maandishi yanayomtaka mchezaji abonyeze kitufe ili atoe heshima zake. Tukio hilo lilikusudiwa kuwa zito, nalo likageuka mzaha uliosambaa kote duniani, hata herufi F, iliyotumiwa na wachezaji wa kompyuta, ikawa kejeli ya rambirambi.

Sababu ya kuanguka huku haiko mbali. Kwa Fares, kitufe kilikuwa na historia, kwa maana kilimbeba kaka kwa saa kadhaa kabla ya kifo chake. Hapa kitufe hakina jana. Kinaamriwa kwa maandishi na kinafanya kazi ambayo hakikuwahi kuhusishwa nayo. Mtunzi amemtaka mchezaji atie sahihi kwenye huzuni ambayo hajashiriki kuijenga. Hiki ndicho kigezo ambacho uhakiki wa utanzu huu unakihitaji: tendo la mchezaji lina thamani ya kisanaa pale tu linapokuwa limelimbikiza maana kabla ya kilele, si linapobandikwa juu yake.

Hitimisho

Ushiriki wa hadhira si jambo geni kwa mtafiti wa fasihi simulizi. Hadhira ya ngano huitikia, huimba kiitikio na humsahihisha fanani. Kwa msingi huo, mhakiki aliyelelewa katika taaluma hiyo ana zana za kuuchambua mchezo wa video kuliko yule aliyezoea maandishi pekee. Lakini asiishie kwenye mfanano. Anayeitikia wimbo wa ngano hamuui mtu, na kisa kingeendelea hata kama angenyamaza. Mchezaji akinyamaza, Wander husimama nyikani na jitu linaishi.

Kwa hiyo, istilahi za msuko, usawiri na taharuki hazitoshi zikitumiwa peke yake. Mhakiki anayeuendea mchezo wa video hana budi kuuliza maswali mengine: mkono unatakiwa kufanya nini, umefanya hivyo mara ngapi hapo awali, na lini unanyang'anywa kazi yake. Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kutazama mtu mwingine akicheza, sembuse kwa kusoma muhtasari. Ebert alilitambua hilo baada ya hukumu kutolewa. Mwanafunzi anayekusudia kuutafiti utanzu huu na aanze pale Ebert alipofikia: akishike kidhibiti kwanza, kisha ndipo aishike kalamu.