"Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri": shauri la kweli ambalo halijamaliza kazi



Leo siandiki juu ya mahindi, ao tuseme yatafika mwishoni. Nataka tuhakiki andiko fupi kuliko yote tunayosoma: "Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Limebandikwa kwenye kabini nyingi za kutuma feza hapa Lubumbashi, linakuja kwa mesaji, na siye wenyewe tunalirudia kwa wazazi. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, leo tuna Airtel Money na Orange Money pia, na shauri limebaki lile lile. Ninasema ni la kweli, lakini halijamaliza kazi yake. Sikulijua hilo kwa kusoma.

Kwanza tulipe haki yake. Ni fupi, mtu analishika akilisikia mara moja. Tena halidanganyi: feza ya telefone ikishatoka kwako kwenda kwa mtu, ni kama umemwekea mkononi. Akiitoa kwenye kabini, kuirudisha ni shida kubwa. Mlango mkubwa ni ile namba.

Lakini shauri hili linaongea na nani? Linaongea na mtu mwenye telefone yake peke yake, anayesoma menyu mwenyewe, asiye na haraka. Mtu huyo ni mimi na weye. Si mama zetu.

Nafuatilia kikundi cha wakulima wa mahindi upande wa barabara ya Kasenga. Mwezi wa kumi, mbele mvua haijakamata, kila mmoja anatuma mchango wa mbolea: ya kupandia na urea. Wengi hawasomi Kifaransa, na menyu wanayoizoea ni ya Kifaransa. Tena menyu haingoji. Ukichelewa kubonyeza inajifunga, unaanza upya, na nyuma yako watu wamepanga mstari. Basi mama ananipa telefone, ananitajia namba zake nne, mimi nabonyeza. Ili nisiulize kila mara, nikaziandika zote kwenye daftari langu. Ukurasa mmoja, majina 12, namba 12. Niliona ni huduma. Niliona njo kazi ya mtu aliyesoma.

Msimu uliopita, dola 60 za mama mmoja, ambaye namwita mama mukubwa, hazikuonekana. Tulipouliza, jibu likawa kwamba feza ilitumwa kwa namba asiyoijua, na namba ya siri iliyobonyezwa ilikuwa sahihi. Walioijua namba ile, mbali na yeye, walikuwa watatu: mjukuu wake, kijana wa kabini, na mimi.

Hakunishitaki. Aliniuliza tu, mbele ya wenzake: "Mwana, ile namba yangu unaichungaka wapi?"

Nikafungua daftari. Wale 11 wengine wakanyamaza, wanaangalia ule ukurasa. Sikuchukua feza ile. Lakini nilikuwa na kitu gani cha kuonyesha kwamba sikuchukua? Mpaka leo haijajulikana ni nani. Urea hakupata. Mwezi wa kwanza mahindi yake yalikuwa ya manjano kuanzia majani ya chini, katikati ya mashamba ya kijani, na njia yangu inapita pale pale.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. Kosa lake la kwanza liko kwenye neno "mtu yeyote". Kwetu, mtu yeyote ni mgeni, ni mwizi wa sokoni. Mjukuu si mtu yeyote. Agronome wa kikundi si mtu yeyote. Mama akitupa namba, haoni kama amevunja shauri.

Kosa la pili: linamtisha mwenye feza na kumsahau anayesaidia. Hakuna aliyeniambia kwamba namba ya mama mukubwa, nisipoijua, inanilinda mimi pia. Feza ikipotea, anayeijua namba hana jibu, hata awe malaika.

Kosa la tatu tunalijua siye wa kilimo. Ukimwambia mkulima "panda kwa wakati", umesema kweli na hujamsaidia. Apande baada ya mvua ya namna gani? Shauri linalokataza bila kuonyesha njia, mtu analikubali kwa kichwa tu, kisha anafanya alivyozoea.

Njia ipo, na ni nyepesi. Kwenye menyu hizi, namba ya siri kwa kawaida inaombwa mwisho kabisa. Basi mimi nabonyeza yote ya mbele, halafu namsomea mama kwa Kiswahili: namba ya anayetumiwa, jina lake kama limeonekana, kiasi, na kama ni falanga ao dola. Hapo wengi wanaumia, maana 50 za falanga na 50 za dola si ndugu. Akikubali, namrudishia telefone, nageuza uso, anabonyeza zile nne mwenyewe. Asiyesoma Kifaransa anajua namba. Wanahesabu feza sokoni kila siku kutushinda. Mara ya kwanza menyu ilijifunga mara tatu. Wiki ya pili mama mukubwa alimaliza mbele yangu.

Shauri lile halisemi kitu pia juu ya mesaji ya uongo. Mtu anakutumia maandishi kwamba umepokea feza, kisha anapiga, analia: "Nimekosea, unirudishie." Hapo hakuna aliyekuomba namba ya siri, unaibonyeza mwenyewe na feza yako inaenda. Usiamini mesaji. Ingia kwenye menyu uangalie feza iliyoko. Kama haikuongezeka, huna deni na mtu. Kama iliongezeka kweli, aliyekosea aende kwa rezo yake, wao njo warekebishe.

Ule ukurasa niliuchoma mbele ya kikundi, na kila mmoja akabadilisha namba yake. Sijui kama ulitosha. Mama mukubwa bado ananiita mwana, lakini siku hizi akitoa telefone kwenye kitambaa, anaangalia kwanza nimesimama wapi.

Mimi shauri ningeliandika hivi: "Namba ya siri bonyeza mwenyewe, hata anayekusaidia akiwa mwana wako."

Wandugu, namba za siri za watu wangapi ziko kichwani mwenu ao kwenye telefone zenu? Msiziandike hapa. Muende leo kwa wenyewe, muwaombe wabadilishe.