Kuujua Ulehemu Mwema Kabla ya Rangi

Aghalabu mnunuzi wa lango la chuma hufika karakana saa isiyofaa. Hufika kazi imekwisha kusagwa, kupigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi, na ncha za mikuki yake zimetiwa rangi ya dhahabu. Naye hulishika lango kwa mikono miwili, akalitikisa, akaligonga kwa ufunguo wa gari, akalisifu, akalipa. Hajaona kitu, maana alichokisifu ni rangi, na rangi huwasitiri wema na waovu sawasawa. Atakaye kuujua ulehemu wa umeme na afike asubuhi, wakati fundi anapoitoa mashine ndani na kuzinyosha nyaya zake, kwani katika sanaa hii mambo yamlindayo fundi asidhurike ndiyo yale yale yaulindayo mshono usivunjike, na aliyeyadharau kwa ajili ya nafsi yake hawezi kuyatimiza kwa ajili ya lango la mtu. Wako wasemao kwamba hadhari ni ya wanafunzi wa chuo, na kwamba bingwa hujulikana kwa mkono wake tu. Nawasikia kila siku, wala siafikiani nao.

Mashine yenyewe ni ya kutazamwa kwanza. Katika karakana za Dar es Salaam na Nairobi zimo bado mashine nzito zilizofumwa papo hapo na mafundi wetu, waya wa shaba umezungushwa juu ya mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, na mimi huuheshimu sana ujuzi huo, maana aliyeifuma anaifahamu mashine yake kuliko mwenye kuinunua dukani. Lakini heshima hiyo hainizuii kuuliza kama ina kifuniko, kama ina swichi ya kuizima, na kama waya wake unaingia ukutani kwa plagi au umechomekwa mtupu katika matundu ya soketi na kukazwa kwa njiti. Zimo pia zile ndogo za kisasa zinazobebwa kwa mkanda begani. Hizi hudhurika kwa vumbi la chuma, kwa hiyo fundi mwenye maarifa huiweka yake baidi na mahali grinda inaporushia cheche, juu ya kitu kikavu, nyuma yake pawe wazi ili feni ivute hewa. Mashine ya kiwandani huwa na kibati kinachoonyesha, kwa asilimia, ni muda gani katika kila dakika 10 inaweza kuchomelea kwa amperi fulani: 60 kwa mia maana yake dakika 6 za kazi na 4 za kupumua. Fundi asiyekijua kibati hiki huijua saa ya kupumzika kwa harufu ya vanishi inayoungua.

Sasa nenda moja kwa moja kwenye kibanio. Kama ningeruhusiwa kutazama kitu kimoja tu katika karakana nzima, ningetazama hicho. Umeme unaokwenda kwenye elektrodi, kile kijiti cha kuchomelea, sharti urudi mashineni, na njia ya marejeo yake ni ule waya wa pili ambao ncha yake hubanwa kwenye kazi. Walakini katika karakana nyingi kibanio kilikufa zamani, na mahali pake pamebaki waya uliochunwa, umewekwa juu ya meza na kukandamizwa kwa kipande cha chuma. Fundi bora hufanya jambo dogo ambalo ukiliona mara moja hutalisahau: huchukua brashi ya waya au grinda, akakwangua mahali padogo kama sarafu mpaka chuma king'ae cheupe bila kutu wala rangi, kisha akabana hapo, karibu na mshono atakaoupiga, akavuta kibanio kidogo kuhakikisha kimeshika. Umeme uliopitishwa katika kutu hurudi kwa kusitasita, moto wa elektrodi ukatetemeka, mshono ukawa mara mwembamba mara mnene, na kibanio chenyewe kikawaka moto. Kibanio kikibanwa mbali, umeme hujitafutia njia: hupita katika bawaba, katika mnyororo, katika gololi za gurudumu la gari ambalo mwenyewe alilileta liungwe fremu tu, zikatoboka vishimo visivyoonekana, na kama hakuna aliyekumbuka kuufungua waya wa betri, fundi wa umeme wa magari atapata mteja.

Marejeo hayo si kitu kimoja na waya wa arthi wa mashine, ule wenye rangi ya kijani na manjano, ingawa wengi huchanganya mambo haya mawili na wakajiona salama. Kazi ya waya wa arthi ni kuungoja umeme uliotoroka ndani ya mashine na kushika bati la nje, ili uende ardhini na kukata fyuzi badala ya kumngoja mtu aje kuligusa. Mashine iliyokatwa waya huo itachomelea vizuri tu kwa miaka, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeushughulikia.

Mashine ikiwa imewashwa na fundi hajaanza, baina ya elektrodi na kazi huwapo volti 50 hadi 80 hivi. Moto ukishawaka hushuka zikawa kama 20 au 25. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na volti 230 za ukutani, na udogo wake umewaua watu, maana mwili uliolowa jasho la pwani haufanani na mwili mkavu. Tazama basi glavu zake kama ni za ngozi na kavu, tazama kama amevaa viatu au kandambili, tazama kama chini amesimama juu ya ubao au juu ya saruji iliyolowa. Na ukimwona anabadili elektrodi kwa mkono mtupu, au ameibana koleo ya elektrodi kwapani ili apate kuwasha sigara, huna haja ya kuutazama mshono wake.

Elektrodi nazo zina lugha yao. Fundi anayeagiza kwa kusema nipe za geji 10 tu, asitazame nambari zilizopigwa kwenye gamba, ananunua nusu ya kitu. Nambari 6013, ambayo ndiyo ya kawaida katika malango na madirisha, husema kwamba mshono wake hustahimili mvuto wa ratili 60,000 kwa inchi ya mraba, na kwamba hufaa kwa kila mkao, juu, chini na wima. 7018 ina nguvu zaidi na hutakiwa katika nguzo, trela na kila kitu kitakachobeba mzigo, lakini huchukia unyevu, nayo haikubali kuwaka vizuri katika mashine dhaifu za kienyeji. Hilo gamba si pambo. Oscar Kjellberg wa Uswidi, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mjini Gothenburg mwaka 1904, ndiye aliyeufunika waya mtupu kwa gamba, kwa kuwa chuma kilichoyeyushwa waziwazi kilikunywa hewa na mshono wake ukawa mkavu wa kuvunjika. Gamba likiungua hutoa moshi unaoifukuza hewa, na mabaki yake huganda juu ya mshono kuufunika mpaka upoe. Kwa hiyo gamba lililolowa au kubanduka ni sawa na kutokuwa nalo. Uliza elektrodi zinalala wapi. Katika miji yetu ya pwani, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa juu ya meza msimu wa masika hunywa maji kimya kimya, na maji hayo huingia katika mshono kwa sura ya vitundu, na katika 7018 kwa sura mbaya zaidi, nyufa zinazotokea baada ya kazi kupoa. Za 7018 hukaushwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 300 na zaidi. Za 6013 hutosheka na mahali pakavu na kifuniko. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, huzihifadhi zake katika kopo la maziwa lenye taa ndogo ndani, na sijaona hekima ya karakana iliyonipendeza kuliko hiyo.

Kuhusu macho, jambo ni dhahiri, nalo hudharauliwa kuliko yote. Miwani ya jua iliyonunuliwa kwa machinga haizuii mwali huu; kioo cha nambari 10 au 11, kilichofungwa katika ngao ya uso, ndicho kinachofaa kwa elektrodi ya milimita 3.2. Aliyepigwa na mwali hasikii kitu hapo hapo: maumivu huja usiku, baada ya saa 6 au 12, macho yakawa kama yamejaa mchanga, na nyumbani huanza shughuli za maziwa na vipande vya viazi. Lakini mnunuzi anayejali lango lake tu naye ana sababu ya kutazama, kwani asiye na kioo hugeuza uso kila anapowasha, akawasha kwa kubahatisha, na ithibati yake hubaki juu ya chuma: vidonda vidogo vya moto vilivyotawanyika pembeni mwa mshono, mahali elektrodi ilipogusa kabla ya kupata njia. Ukivihesabu vingi, fundi huyo hakuuona mshono wake ulipoanza, na mwanzo ndipo penye ila nyingi.

Moshi nao una hukumu yake. Mwaka 2017 wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, waliuweka moshi wa kuchomelea katika daraja la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa wanadamu. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yana shari yao mahususi, kwa kuwa zinki huchemka na kuwa mvuke katika nyuzi 907, mbali sana kabla chuma hakijayeyuka, na aliyeivuta mchana huweza kutetemeka kwa homa jioni akadhani ni malaria. Fundi mwema huisaga zinki hiyo kwanza mahali pa mshono, hufanya kazi penye upepo, na hapo tena siha yake na ubora wa kazi hukutana, maana zinki iliyoachwa huutoboa mshono.

Mapipa sitayasemea sana: pipa lililowahi kuwa na petroli au dizeli, hata likiwa tupu na limeachwa wazi mwaka mzima, huweza kuripuka, na anayekubali kulichomelea kwa kuwa mteja ana haraka usimpe kazi yoyote. Na kila kiunguacho sharti kiondolewe umbali wa mita 10 au 11, na mtu abaki akitazama kwa nusu saa kwa uchache baada ya moto kuzimwa.

Sasa acha awashe, nawe geuza uso ukasikilize. Mafundi hupenda kusema kwamba moto mzuri unalia kama samaki anayekaangwa, na kwa 6013 usemi huo una ukweli, ila msikilizaji asidanganyike, kwani 7018 iliyowashwa sawasawa hulia chini zaidi, karibu na kunong'ona. Kinachotakiwa ni sauti isiyobadilika. Ikipasuka-pasuka na kurusha matone, elektrodi iko mbali na kazi kuliko unene wake. Ikizama na kunata, amperi ni chache. Kadiri ya amperi 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene wa elektrodi ndiyo anzio, kisha fundi hupunguza kwa bomba jembamba au mshono wa wima, naye hujaribu kwanza juu ya kipande cha taka. Huyu wa kujaribu mpende.

Mshono ukipoa, gamba lililoganda juu yake, hayo wanayoyaita mavi ya chuma, lina la kusema kabla hata hujauona mshono. Katika ulehemu mwema hubanduka kwa pigo moja dogo la nyundo, na wakati mwingine hujikunja na kuinuka lenyewe kwa vipande virefu. Likiwa limeng'ang'ania kandokando na kuchimbwa kwa nguvu, jua kwamba kuna mifereji ambamo limejificha. Pindua kichwa uutazame mshono kwa mwanga wa ubavuni. Mawimbi yake yawe ya kulingana, yasiwe makubwa hapa na madogo pale. Ukingo wake uungane na chuma kwa mteremko mpole, usiwe umelala juu yake kama uliobandikwa, maana uliobandikwa haukuyeyusha kitu. Pitisha ukucha pembeni: ukizama katika mfereji mwembamba unaofuatana na mshono, amperi zilizidi au mkono ulikimbia, na chuma cha lango kimeliwa unene wake mahali hasa panapopokea mvuto. Tazama mwisho wa mshono, mahali fundi alipoinua mkono. Pakiwa na shimo lenye ufa kama nyota, alikatisha bila kulijaza. Wala mshono mnene si ithibati ya nguvu. Katika pembe, nguvu hukaa katika kimo cha katikati, ambacho ni kama sehemu 7 katika 10 za upana wa mguu wake, na rundo la chuma lililofura juu halikiongezi hata chembe.

Jicho lina mpaka, nao ulionekana bandarini Portland, Marekani, tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipopasuka karibu vipande viwili juu ya maji matulivu, ufa ukianzia sitahani mahali penye ulehemu mbovu. Kwa hiyo mwombe fundi akuungie vipande viwili vya bapa kwa umbo la herufi T, upande mmoja tu, kwa mashine, elektrodi na amperi zile zile. Kisha akipigilie nyundo kipande kilichosimama kielekee upande uliochomelewa, ili mshono ufunuke kutoka mizizini. Ukivunjika, chukua vipande ukavisome: mstari mweusi ni mavi yaliyozikwa, vitundu ni unyevu au zinki, na ukiona makali ya bapa bado yamenyooka kama yalivyotoka dukani, moto haukuyafikia kabisa. Ukikataa kuvunjika na chuma kikakunjika tu, agiza lango lako, lakini shurutisha jambo moja kabla hujatoa arabuni: kwamba utaitwa kulitazama likiwa tupu, mishono yake imepigwa brashi na haijaguswa na grinda wala pati, na kwamba kopo la rangi halitafunguliwa mpaka siku inayofuata.