Mwaridi na Istilahi Zake: Aina, Mbegu, Kipandikizi

Maelezo ya ukulima wa maua yaliyoandikwa kwa Kiswahili aghalabu huwa ni tafsiri. Ukiyasoma yale yahusuyo mwaridi waweza usione kosa la sarufi. Lakini mwenye bustani akiyafuata neno kwa neno, huenda akaukata mmea alioununua na kuubakiza asioutaka. Kosa liko katika istilahi.

Jina lenyewe halina taabu. Waridi tumelipata kutoka Kiarabu, nalo limeingia katika ngeli zetu bila kusukumwa: mwaridi ni mmea, waridi ni ua lake, kama vile mlangilangi na langilangi. Mchungwa na chungwa ni mambo mengine, kwani chungwa ni tunda. Kwa hiyo tunda la mwaridi halina jina la pekee, na sioni haja ya kulibunia. Wanaoandika “ua la rozi” sijui wanakimbia nini.

Mashaka yanaanza na neno aina. Hutumika kwa spishi, kwa kundi, na kwa mmea mmoja uliozalishwa na mtu na kupewa jina. Baadhi ya wafasiri, kwa kutaka kulikwepa, husema mbegu, kwa kuwa mkulima wa mahindi husema hivyo. Kwa mahindi yafaa. Kwa mwaridi yapotosha, maana mbegu ya mwaridi chotara haizai mmea ulio sawasawa na mama yake. Mwaridi wa jina fulani hudumishwa kwa kipande cha shina au kwa kubebeshwa. Anayeambiwa atafute “mbegu ya Iceberg” anatumwa kutafuta kisichokuwapo. Napendekeza spishi ibaki spishi, kundi liwe kundi, na aina iachiwe ile iliyozalishwa na kupewa jina.

Jina hilo la aina lisitafsiriwe. Mwaridi mashuhuri wa Francis Meilland wa Ufaransa, wenye maua ya manjano na kingo za rangi ya waridi (hapa lugha yenyewe inatucheka), uliitwa 'Madame A. Meilland' kwao, 'Gioia' Italia, 'Gloria Dei' Ujerumani, na mwaka 1945 ukatangazwa Marekani kwa jina la 'Peace'. Mmea ni mmoja. Mfasiri akiuita “Amani” ataongeza jina la tano, ambalo msomaji hatalikuta katika orodha yoyote ya wauza miche. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea ilimwayo, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953, zataka jina la aina libaki katika lugha lilimotungwa. 'Iceberg', uliotolewa na Kordes mwaka 1958, wajulikana Ujerumani kwa jina la 'Schneewittchen'. Jina la kuutambulisha kokote ni 'KORbin', ambalo herufi zake tatu za mwanzo zamtaja mzalishaji.

Jina la kundi, kinyume chake, yafaa litafsiriwe, ila kwa maana yake. Kuna kundi ambalo aina ya 'La France' ya mwaka 1867 huhesabiwa kuwa ya kwanza yake. Kuliita “chotara la chai” kwamfanya msomaji adhani majani yake huchemshwa. Chai hapo yatokana na harufu ya miwaridi ya kale ya Uchina. “Mwaridi chotara wa maua makubwa” lamwonyesha mtu kitu atakachokiona bustanini.

Wataalamu wa mimea hutenga pia mwiba wa mwaridi, unaoota juu ya ngozi ya shina na kung'oka ukisukumwa kwa kidole gumba, na mwiba wa mlimau, ambao asili yake ni tawi. Katika kitabu cha elimu ya mimea tofauti hiyo yahitaji istilahi. Bustanini mwiba ni mwiba.

Baya kuliko yote ni kipandikizi. Neno hili laitwa kipande cha shina kinachochomekwa udongoni, na pia kipande kinachounganishwa na shina la mmea mwingine. Mmea uliotokana na kile cha kwanza una mizizi yake wenyewe: kila chipukizi litokalo chini ni lake, nalo laweza kuachwa. Uliobebeshwa unasimama juu ya mizizi ya mwingine: chipukizi litokalo chini ya kiungo ni la yule mwingine, na lisipong'olewa litaunyima nguvu ule wa juu mpaka ufe. Ndipo tunaposikia kwamba mwaridi wa fulani “umebadilika rangi”.

Kipande cha kuchomeka udongoni kiitwe pingili, neno ambalo mkulima wa muhogo na miwa analo tayari. Kile cha kuunganishwa, wabebeshaji wa miembe hukiita kikonyo. Lakini kikonyo ni pia kishikio cha ua, na katika maelezo ya waridi maneno hayo mawili yatakutana katika ukurasa mmoja. Basi na kiandikwe kwa ukamilifu, kikonyo cha kubebesha, na mmea unaokipokea uitwe shina la chini. Kipandikizi kwa maana zote mbili kisitumike.