Nani Hasa Anasafisha Maji? Uhakiki wa Historia ya Tangi la Samaki

Makala nyingi kuhusu namna ufugaji wa samaki wa mapambo nyumbani ulivyobadilika zinasimulia hadithi ileile. Hapo zamani palikuwa na bakuli la kioo na samaki wa dhahabu mmoja. Likaja tangi la fremu ya chuma, ikaja pampu ya hewa, ikaja hita, likaja chujio la umeme, zikaja taa za LED, na siku hizi kuna kifaa cha kukutumia ujumbe kwenye simu maji yakizidi joto. Kifaa juu ya kifaa. Ukimaliza kusoma unaamini kwamba samaki wa leo anaishi vizuri kuliko wa babu zetu kwa sababu ya pampu.

Hadithi hiyo si ya uongo, ila imeruka jambo moja, na jambo hilo ndilo linaloua samaki mpaka leo. Mtu ananunua tangi Jumamosi asubuhi, Dar es Salaam au Nairobi, jioni anatia samaki kumi, na wiki ya pili wamebaki watatu. Akirudi dukani anaambiwa eti samaki hawa ni laini sana, kisha anauziwa chupa ya dawa na samaki wengine saba. Vifaa vyote anavyo! Sasa samaki wamekufa na nini?

Hebu turudi mwanzo kabisa, maana mwanzo wenyewe hauhusu mapambo. Mwaka 1832 Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekuwa akiishi Messina, Sicily, alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze argonauta, jamaa ya pweza mwenye gamba jembamba kama karatasi. Wataalamu walikuwa wakibishana: gamba lile analitengeneza mwenyewe au anamwibia kiumbe mwingine? Power aliwafuga, akawaangalia, akathibitisha kwamba wanalitengeneza wenyewe. Yaani tangi la kioo lilianza kama chombo cha kujibu swali. Samani ya sebuleni limekuja kuwa baadaye.

Aliyelifanya liingie nyumbani ni mkemia wa London, Robert Warington. Mwaka 1849 aliweka samaki wa dhahabu wawili wadogo kwenye chombo cha galoni 12, kama lita 54 hivi, pamoja na mchanga na mmea wa valisneria, lile jani refu jembamba kama utepe. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, halafu majani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakatakata, na mwaka 1850 Warington akatangaza matokeo yake mbele ya wanakemia wenzake: mmea unampa samaki oksijeni, samaki anaupa mmea hewa ya ukaa, konokono anafagia. Mizani imekaa sawa.

Maelezo hayo ni mazuri, na kwa karibu miaka mia moja vitabu vya wafugaji viliyarudia kama yalivyo. Lakini yana tundu. Samaki hatoi hewa ya ukaa peke yake. Anatoa pia amonia, nyingi yake kupitia mashavu, na amonia ni sumu kwake. Ndani ya mto au ziwa inapotea kwenye maji mengi na kuliwa na viumbe wengine. Ndani ya lita 54 haina pa kwenda. Warington hakuwa na habari hiyo, na simlaumu, kwani wakati ule hakuna aliyejua kwamba kuna viumbe hai wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Hilo lilithibitishwa Ufaransa na Schloesing na Müntz mwaka 1877.

Hapa kuna kitu ambacho sijui kwa nini hakisimuliwi zaidi. Warington alikuwa na mtoto wa kiume, naye pia akiitwa Robert, aliyekuwa na miaka 11 hivi wakati baba yake anatia konokono kwenye chombo kile. Mtoto akakua, akawa mkemia wa kilimo katika kituo cha Rothamsted, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kutafuta ni nani anayegeuza amonia udongoni. Alionyesha kwamba kazi inafanyika kwa hatua mbili, na kwamba wanaofanya hatua ya kwanza si wale wa hatua ya pili. Kuwatenga viumbe wenyewe ndiko kulikomshinda. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafanikiwa. Kwa hiyo jibu la swali ambalo baba hakulijua lilikuwa mikononi mwa mwanawe, ila mwana alikuwa akiangalia mashamba ya ngano.

Udongo na tangi vilichelewa sana kukutana. Kitabu cha Stephen Spotte cha mwaka 1970, kuhusu kufuga samaki na wanyama wengine wa majini, ni kati ya vile vilivyowaeleza wafugaji waziwazi kwamba chujio kazi yake kubwa si kunasa uchafu unaoonekana. Chujio ni nyumba. Sponji, kokoto na kuta za tangi ni mahali pa kukaa vijidudu, na pampu inawapelekea chakula na oksijeni. Kwa maoni yangu haya ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia hii, makubwa kuliko gundi ya silikoni iliyotuondolea fremu za chuma miaka ya 1960, na makubwa kuliko LED. Ajabu ni kwamba hayana picha ya kuvutia, ndiyo maana makala zinayapita haraka.

Ukishalijua hilo, vifo vya wiki ya pili vinaeleweka. Tangi jipya halina vijidudu wa kutosha. Kuwajenga kunachukua wiki nne mpaka sita hivi, na wale wa nitriti wanachelewa kuliko wale wa amonia. Mwenye samaki kumi siku ya kwanza amewaweka kwenye choo kisicho na shimo. Halafu maji yanaanza kuwa na ukungu, anaogopa, anayamwaga yote, anaosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka ling'ae, anarudisha. Klorini tunaiweka kwenye maji ili iue vijidudu, na imefanya kazi yake. Anaanza upya kutoka sifuri bila kujua.

Mbaya zaidi, kuna machujio yanayouzwa na maelekezo kwamba kila mwezi utupe kile kichujio cha ndani ununue kipya. Kibiashara naelewa. Kibiolojia ni kama kubomoa nyumba kila mwezi kwa sababu sakafu ina vumbi. Suuza sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, lirudishe na weusi wake, basi. (Mimi nasomea vijidudu vya maji taka, na nakuhakikishia kwamba weusi ule tunaulea kwa heshima zote.)

Sayansi yenyewe nayo haijasimama. Kwa miaka mingi tuliambiwa hatua ya nitriti inafanywa na *Nitrobacter*. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichunguza matangi ya maji baridi wakamkuta *Nitrospira*. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada wakaonyesha kwamba kwenye machujio mengi ya matangi ya maji baridi waliyoyapima, wanaokula amonia kwa wingi si bakteria hata kidogo. Ni akea, viumbe wadogo wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini wa ukoo mwingine kabisa. Halafu mwaka 2015 likaja kubwa: makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa pamoja kwamba kuna *Nitrospira* anayefanya hatua zote mbili peke yake, amonia mpaka nitrati. Kundi moja lilimpata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Kanuni ya Warington mdogo, kwamba hatua mbili zinataka viumbe wawili, ilidumu zaidi ya miaka mia moja, na ikavunjiwa kwenye chujio la samaki. Ukiona leo chupa ya "bakteria hai" imeandikwa *Nitrobacter*, muulize muuzaji habari zake za mwisho ni za mwaka gani.

Sasa kuna waliokwenda njia nyingine. Miaka ya 1980 na 1990 Mjapani Takashi Amano alifanya tangi kuwa bustani, mimea imepangwa kama mlima na bonde, hewa ya ukaa inapulizwa kutoka kwenye mtungi. Kwa uzuri sina neno. Ila matangi mengi ya mashindano ya namna hii yanapigwa picha, kisha yanavunjwa, na samaki mle ndani ni kama rangi tu ya mchoraji.

Ninayempenda zaidi ni Diana Walstad, Mmarekani aliyetoa mwaka 1999 kitabu kuhusu ikolojia ya matangi yenye mimea. Anashauri udongo wa kawaida chini, kokoto juu, mimea mingi, vifaa vichache. Hoja yake nzito ni kwamba mimea mingi ya majini inapendelea kunyonya amonia kuliko nitrati. Yaani mmea si pampu ya oksijeni tu, ni mlaji wa sumu yenyewe. Kumbe mzee Warington alipata jibu sahihi kwa sababu pungufu! Valisneria yake ilikuwa ikila amonia muda wote huo, na yeye akihesabu oksijeni. Sura ya Walstad kuhusu mimea kupigana kwa kemikali hainishawishi sana, kwani kinachotokea kwenye chupa ya maabara si lazima kitokee tangini. Lakini kwa nyumba ambayo umeme unakatika saa sita mfululizo, tangi linalotegemea mimea kuliko mota linastahili kufikiriwa, na nashangaa halizungumzwi huku kwetu.

Mpaka hapa nimekaa ndani ya kioo. Ila nje ya kioo kuna hadithi nyingine, nayo ina baba na mwana wake. Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe wa pwani, alitoa mwaka 1854 kitabu kilichowafundisha Waingereza kufuga viumbe wa baharini nyumbani. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, reli ilikuwa inafika pwani, kitabu kilikuwa na picha za rangi za kupendeza. Watu walishuka na ndoo na nyundo. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kumbukumbu za maisha yake na baba huyo, akaeleza kwa uchungu namna madimbwi ya miambani aliyoyajua utotoni yalivyokombwa na wakusanyaji, na kwamba baba yake aliumia sana alipotambua amefungua mlango gani.

Mlango huo haukufungwa, umehamia kwingine tu. Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi leo wanazalishwa mashambani. Wa baharini walio wengi bado wanavuliwa miambani, na pwani ya Kenya ni moja ya sehemu wanakotoka. Samaki wa Banggai wa Indonesia alianza kuuzwa kwa wingi miaka ya 1990, na mwaka 2007 akaorodheshwa na IUCN kuwa hatarini kutoweka.

Jibu la haraka ni kwamba wazalishwe wote. Hapo ndipo napunguza mwendo. Barcelos, mji ulio kando ya Rio Negro nchini Brazil, umeishi kwa kuvua tetra wadogo wekundu kwenye msitu unaofurika. Watafiti waliofanya kazi huko wanasema kipato hicho ndicho kinachowapa watu sababu ya kuuacha msitu usimame. Samaki huyohuyo akizalishwa Asia, biashara inaondoka Barcelos, na ng'ombe au dhahabu vinaingia mahali pake. Kwa upande mwingine msitu huo unawarudisha tetra kila mafuriko, wakati samaki wengi wa Ziwa Tanganyika hawana uwezo huo. *Tropheus*, kwa mfano, anakaa kwenye mwamba wake, anatotoa watoto wachache mdomoni, na mwamba wa jirani una tropheus wa rangi nyingine. Ukikomba mwamba mmoja umemaliza rangi nzima.

Samaki hao walianza kujulikana sana Ulaya kupitia Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Burundi, na ambaye jina lake limebaki kwa *Neolamprologus brichardi*. Leo wanazalishwa kwa wingi Ujerumani na Ucheki. Mfugaji wa huko anajua kwamba maji ya ziwa letu yana pH karibu na 9, na anajua maana yake: kwenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali, kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Kosa dogo ambalo samaki wa dhahabu angelivumilia, brichardi hamalizi nalo siku. Kipimo cha amonia kwa hiyo ni kitu cha kwanza anachonunua, kabla ya samaki. Wewe ukienda dukani kwako Jumamosi hii, kabla hujachagua rangi ya kokoto, ulizia kipimo hicho uone utajibiwa nini.