"Homa ya Nyasi" au "Mafua ya Mzio"?

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazojipenyeza katika tafsiri zetu imo "homa ya nyasi". Tunaiona kuwa ni kosa, wala si kosa la ufasaha tu. Waingereza wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliuita ugonjwa huu hivyo wakidhani kuwa harufu ya nyasi zilizokaushwa ndiyo iliyowadhuru. Mwaka 1873 Charles Blackley alionyesha kuwa chanzo ni chavua, lakini jina lilikwisha kuzoeleka. Hatuna sababu ya kulirithi.

Tumfikirie msomaji wa Bariadi, ambako wengi husema Kisukuma nyumbani na Kiswahili cha tiba hukutana nacho zahanati. Kwake homa ni joto la mwili, na mara nyingi ni malaria. Mgonjwa wetu hupiga chafya baada ya chafya, hutokwa na kamasi jepesi kama maji, huwashwa pua na macho, pua huziba, joto halipandi. Akiulizwa kama ana homa atakana, na atakuwa amesema kweli.

"Mafua ya mzio" yafaa zaidi. Mzio tangu zamani ni kitu ambacho mtu hukatazwa kula kwa kuwa humdhuru, ilhali mwenzake hukila salama. Hicho ndicho kiini cha maana ya kitaalamu. Hata hivyo, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba apigaye chafya huenda amekerwa na vumbi tu, pasipo mzio, mfasiri asiyachanganye.

Ugumu uko katika kuwapambanua wagonjwa. "Ya msimu" na "ya mwaka mzima" ni mgawanyo wa majira ya Ulaya. Katika Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ukitaja msimu umetaja pamba. Mwaka 2001 jopo la wataalamu, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lilipendekeza kuhesabu siku: dalili zisizotimia siku 4 kwa wiki, au wiki 4 mfululizo, ni za vipindi, zikivuka mipaka yote miwili ni za aina ya pili. Aina hiyo wengine huiita "sugu", neno lisikikalo kama ugonjwa ulioshinda dawa. Wengine "ya kudumu", linalomkatisha mgonjwa tamaa. Sisi twapendekeza "mafua ya mzio ya mfululizo", kwani humwelekeza mganga kwenye swali lenyewe: siku ngapi kwa wiki, na kwa wiki ngapi?