Gia ya Nyuma: Maoni Juu ya Tafsiri Moja ya Kiufundi

Mapema mwaka huu tuliletewa mswada wa tafsiri ili tuukague kabla haujapigwa chapa. Ni mwongozo mfupi ambao asili yake ni Kiingereza cha Marekani. Unaeleza jinsi ya kuondoa injini iliyokufa katika gari dogo la shambani la magurudumu manne, lile ambalo dereva hulikalia kama apandaye farasi na kushika usukani wa pikipiki, kisha kutia mahali pake injini ya pikipiki. Waliokusudiwa kuusoma ni wanafunzi wa karakana. Tumeonelea tuujadili hapa kwa sababu makosa yake si ya mfasiri peke yake. Moja ni letu.

Yafaa kwanza msomaji asiyeyajua magari haya apate kuyafahamu. Yalianza yakiwa na magurudumu matatu, na Honda ilianza kuuza lake mwaka 1970. Suzuki ilitoa la magurudumu manne kwa mwaka 1983, na mwaka 1986 Honda ikatoa FourTrax 350, ambalo injini yake huzungusha magurudumu yote manne. Mwaka 1988 watengenezaji walipatana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mapya ya magurudumu matatu, kwa ajili ya ajali zilizokuwa zikitokea. Magari ya magurudumu manne ya miaka ile bado yapo mashambani huko. Mengi fremu zake ni nzima ilhali injini zimechoka, na ndiyo sababu watu wakabuni kazi hii ielezwayo na mwongozo wetu.

Jina la gari lenyewe limempa mfasiri taabu. Ameandika “gari la magurudumu manne” kila mahali. Lakini asili husema mambo mawili: kwamba gari lina magurudumu manne, na kwamba yote manne yanapokea mzunguko kutoka kwenye injini. Gari la kwanza la Suzuki tulilolitaja lilikuwa na magurudumu manne, lakini injini ilizungusha yale ya nyuma tu. Mafundi wetu husema gari “linavuta” mbele, au nyuma, au kote. Twaona kitenzi hicho kinatosha, na tumependekeza “gari livutalo kwa magurudumu yote”. Ni refu, tunakiri, lakini halimdanganyi mtu.

Kuhusu kazi yenyewe, mswada unasema “kubadili injini”. Ofisa anayeshughulika na kadi za magari atatambua upungufu wake mara moja, maana kadi huonyesha namba ya injini na namba ya chesisi. Kwake yeye kutia injini nyingine ya aina ile ile ni jambo moja, na kutia injini ya chombo cha aina nyingine ni jambo lingine. Tumependekeza “kupandikiza injini”. Mwenzetu mmoja alipinga, akisema kupandikiza ni kwa miche. Lakini hospitali zimekwisha kuliazima neno hilo kwa figo, na mfano wa figo ndio hasa unaofaa: kiungo kinatoka mwili mwingine, na kazi kubwa ni kuunganisha mishipa.

Tuje kwenye “nguvu”. Katika sura ya pili tumekuta sentensi hii: “Injini ya pikipiki ina nguvu zaidi kuliko ile ya zamani, lakini haina nguvu ya kupanda mlima.” Msomaji mwenye akili timamu atafikiri mwandishi amelewa. Asili haina ubishi wowote. Inasema kwamba injini ya pikipiki hutoa kilowati nyingi inapozunguka kwa kasi kubwa, ilhali kani yake ya kuzungusha, ile ipimwayo kwa newton-mita, ni ndogo mzunguko unapokuwa wa polepole. Gari la shambani huenda polepole na mzigo mzito. Hivi ni vipimo viwili, na kilowati hupatikana kwa kuzidisha kani ya kuzungusha kwa kasi ya mzunguko. Fundi asiyeelewa hapa hataelewa kwa nini sura ifuatayo inamtaka apunguze kasi kwa meno. Tumeacha “nguvu” kwa kilowati na nguvu za farasi, na kuweka “kani ya kuzungusha” kwa kile kingine.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulishiriki kutayarisha orodha ya istilahi za magari, na katika orodha hiyo tuliweka “gia ya nyuma” kwa ile gia inayorudisha gari kinyumenyume. Tuliikataa “rivasi” kwa kuwa ni neno la kigeni na kwa kuwa, twakumbuka, lilisikika kama neno la utingo. Orodha ilipitishwa bila upinzani. Ndani ya orodha, ambamo kila neno limekaa peke yake katika mstari wake, “gia ya nyuma” haikuwa na ila.

Mfasiri wetu, kwa utiifu ambao hatuna haki ya kuulaumu, akaifuata. Katika ukurasa mmoja ameandika kwamba injini ya pikipiki haina gia ya nyuma, na kwamba jambo hilo ni tatizo kubwa kwa gari la shambani. Ni kweli kabisa. Karibu pikipiki zote hazina. Aya mbili mbele anaandika: “Ikiwa gia ya mbele ina meno 15, gia ya nyuma iwe na meno 45, ili uwiano uwe 3 kwa 1.” Hapa anasema juu ya magurudumu ya meno yanayopitisha mnyororo. Halafu katika sura ya nne “gia ya nyuma” ni zile gia zilizomo ndani ya difu ya nyuma, na mwanafunzi anaagizwa aijaze mafuta. Gia ambayo haipo imekwisha kuhesabiwa meno na kutiwa mafuta.

Tuliupeleka ukurasa ule kwa fundi wa pikipiki aliye jirani na ofisi yetu. Aliusoma mara mbili, akauliza kwa upole kama walioandika wamewahi kuishika spana. Kisha akatusomea sentensi zile zile kwa maneno yake: rivasi, sproketi ndogo, sproketi kubwa, difu. Maneno manne, vitu vinne. Sisi tulikuwa na neno moja lililo safi, nalo likavificha vitu vitatu. Tumeirudisha “rivasi” katika mswada, na tutaomba orodha nayo isahihishwe.

Jambo hili si la maneno tu. Sproketi ya pikipiki, kwa kawaida, iko ubavuni, na ekseli yake imekingama. Propela za gari livutalo kwa magurudumu yote zimelala kwa urefu, kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo injini hugeuzwa robo duara, na mnyororo hupeleka mzunguko kwenye ekseli ya kati ambayo ncha zake mbili huunganishwa na propela. Injini yaweza kugeuzwa kwa upande wowote kati ya miwili. Ikigeuzwa upande usiofaa, kila kitu kitafungika vizuri na kulehemiwa vizuri, na gari litakwenda kinyumenyume kwa gia zote tano. Hapo ndipo asili inapoonya, na hapo ndipo tafsiri inaposema: “Angalia usije ukapata gia tano za nyuma.” Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa kwamba gia ya nyuma ni sproketi ya meno 45 atafanya nini na onyo hilo?

Yapo yaliyo mema. Mfasiri hakujaribu kutafuta mbadala wa klachi, kabureta, wala fremu, na sehemu ya kupoza injini, inayoeleza kwa nini injini iliyozoea upepo wa barabarani yahitaji feni inapokwenda polepole shambani, inasomeka kama iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Mswada tumeurudisha pamoja na masahihisho. Michoro miwili ya mwisho tumeizuia. Imeandikwa “kushoto” na “kulia”, lakini injini iliyokwisha kugeuzwa haina tena kushoto kulekule kwa gari, na mchoraji hakusema kama anayetazama ameketi kitini au amesimama mbele ya taa.