Majengo ipi? Kasoro ya kutaja mji bila kuufafanua

Miaka kadhaa iliyopita nilipata ujumbe kwamba rafiki yangu wa tangu chuoni, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, ameaga dunia. Mazishi kesho baada ya sala ya adhuhuri, Majengo, Mombasa. Nikapanda basi la usiku kutoka Nairobi. Asubuhi nikaenda moja kwa moja hadi Majengo, mtaa ule wa kisiwani, nikaanza kuulizia. Hakuna aliyejua habari za msiba wangu. Nilihangaika mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo mzee mmoja muuza kahawa aliponizindua: "Mwalimu, pengine ni Majengo ya Kanamai." Kanamai iko Kaunti ya Kilifi, kando ya barabara ya kwenda Malindi. Nilipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Aliyeandika ujumbe simlaumu. Kwake Majengo ni moja tu, na wengi wetu watu wa bara huiita Pwani yote Mombasa. Ninaowalaumu ni sisi tunaouandikia umma. Hebu sikiliza taarifa ya habari: moto umezuka Majengo, mkutano umevunjwa Kaloleni, basi. Kaloleni ipi jamani? Ya Kilifi, ya Nairobi, ya Kisumu au ya Arusha? Busia nayo, ni ya Kenya au ni ile ya Uganda iliyo ng'ambo ya mpaka? Mhariri hudhani muktadha utamsaidia msomaji. Mara nyingi haumsaidii, na mwenye ndugu huko hubaki roho mkononi.

Kuna wanaodai kuwa majina haya hurudiwarudiwa kwa sababu waliotutangulia walikosa ubunifu. Hoja hiyo ni dhaifu. Wakoloni walipoanzisha miji ya bara, walitenga sehemu ambapo Waafrika wangejijengea nyumba. Pumwani ya Nairobi, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilijulikana kwa jina la Majengo. Majengo nyingine ziko Nyeri, Nanyuki na Vihiga, na ukivuka mpaka, Moshi na Dodoma. Katika mitaa ya aina hii waliishi wapagazi wa zamani, askari, wachuuzi, na akina mama waliojenga nyumba za kupangisha wakati ambapo mwanamke kumiliki nyumba kulikuwa kioja. Walitoka makabila mbalimbali, wakaelewana kwa Kiswahili. Chukua ramani, ziunganishe Majengo zote kwa mstari. Utakuwa umechora sehemu kubwa ya njia ambazo lugha hii ilipitia kuingia bara.

Nimesema "Majengo zote", na najua kuna mwalimu ambaye tayari ameshika kalamu nyekundu. Aiweke chini. Majengo ikiwa ni wingi wa jengo imo katika ngeli ya LI-YA. Ikishakuwa jina la mahali, huhamia I-ZI, kama vile tunavyosema Nairobi imepanuka. "Majengo yameteketea" ni nyumba zilizoungua. "Majengo imeteketea" ni mtaa. Wenyeji wenyewe hupenda ngeli ya mahali: "Majengo kumewaka moto," na mimi naona ndio wenye usemi bora kuliko sisi wote.

Shida iko kwenye kihusishi cha -a, kwa kuwa ngeli ya YA na ile ya I hukutana katika "ya". Ukiandika "Majengo ya Nyeri" katikati ya sentensi, kinachokuonyesha kuwa huu ni mtaa ni ile herufi kubwa pekee. Redioni herufi kubwa haisikiki! Hapo mtangazaji hana budi kusema "mtaa wa Majengo, mjini Nyeri". Wananchi walishang'amua hilo zamani. Waliohamia Kibera, na wengine Mombasa, waliviita vitongoji vyao Kisumu Ndogo, ili asiwepo wa kudhani wamerudi ziwani. Neno moja tu, "ndogo", limefanya kazi ambayo vyumba vyetu vya habari bado vinaona ni mzigo.